Dawa ya Mfungwa: Sadaka au Deni?

Leo twataka kuuliza swali moja fupi. Mtu akimfunga mnyama, na mnyama yule akaugua kwa ajili ya kifungo chenyewe, je, dawa anayompa ni sadaka au ni deni? Swali hili tutalitazama kwa njia ya wanyama tusiowajua sana, yaani pomboo, sili na simba wa bahari. Katika Ulaya, Marekani, Japani na nchi za Ghuba ya Waarabu wapo wanaofungwa ndani ya mabwawa ya saruji, na watu hulipa kiingilio ili wawaone wakiruka na kucheza mpira. Wanyama hao huugua ngozi, ugonjwa wa namna ya choa, na waganga wa wanyama hupata taabu nyingi kuwaponya.

Najua msomaji wa Kolwezi atacheka. Sisi na pomboo wapi na wapi? Ni kweli, bahari iko mbali nasi. Reli ya kwenda Lobito hupita kilometa zaidi ya 1,500 kabla ya kuona pwani. Lakini maji ya Lualaba, hayo hayo yanayokusanyika nyuma ya ukuta wa Nzilo, hushuka Bukama, Kongolo, Kindu na Kisangani, na yakiisha kubadili jina na kuitwa Kongo humwagika baharini karibu na Muanda. Huko, penye mikoko, yuko nguva, mnyama wa majini anyonyeshaye mtoto wake kama mbuzi. Tena samaki Thomson tunaowanunua sokoni wamegandishwa kama mawe, wengi wao hutoka bahari ya Namibia, na huko ni chakula cha sili pia. Basi hatuko mbali kama tunavyodhani. Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kuleta habari hizi Kolwezi ni nyingine, nayo itaonekana mbele.

Kwanza tuufahamu ugonjwa. Pomboo si samaki. Ana damu ya moto, huvuta pumzi kwa mapafu kupitia tundu lililo juu ya kichwa, na huzaa na kunyonyesha. Ngozi yake ni laini kama mpira uliolowa maji, nayo ina ulinzi wa ajabu: tabaka la nje hubanduka na kuota upya karibu kila saa 2. Uchafu na vijidudu vinavyotaka kushika hapo huondoka pamoja na tabaka lile, na maji ya chumvi huvichukua. Sili naye ana desturi yake. Huogelea, kisha hupanda juu ya mawe au mchanga akajianika juani, hasa wakati wa kubadili manyoya. Kila mmoja amepewa nyumba yake, na mwili wake umefanywa kwa ajili ya nyumba hiyo.

Sasa mtie pomboo ndani ya bwawa. Mnyama yule hula na kunya katika maji yale yale, wala hawezi kuyahama. Mwenye bwawa hutia klori, dawa ile ile iliyomo katika javeli ya kufulia nguo, ili maji yaonekane safi na watazamaji wapate kuona chini. Klori huua vijidudu, lakini haichagui. Juu ya ngozi ya kila kiumbe, hata yako wewe, wapo viumbe wadogo mno wasiodhuru, ambao kwa kukaa kwao humnyima adui mahali pa kukaa. Klori ikizidi, walinzi hao hufa, na ngozi yenyewe huchubuka. Ndipo kuvu huamka. Kuvu ni ndugu wa ukungu uotao juu ya bukari iliyolala. Iko kila mahali, nayo hungoja tu apatikane aliyedhoofika. Iko aina moja iitwayo kandida, ile inayoleta utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga. Katika pomboo waliofungwa huonekana hasa kandokando ya lile tundu la pumzi. Iko nyingine iitwayo fusario, ya ukoo ule ule unaoozesha mahindi shambani; hiyo imepatikana katika ngozi ya sili na simba wa bahari waliofungwa. Ziko pia zile za choa hasa, ambazo mama zetu wanazijua vichwani mwa watoto wa shule.

Sili hupatwa kwa njia nyingine zaidi. Katika miji iliyo mbali na bahari wengi wamewekwa katika maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi ni gharama. Macho yao huharibika na ngozi yao hudhoofika. Kama hawana mahali pakavu pa kupanda na kujianika, hukaa wamelowa daima. Mama aliyefua nguo za watu wiki nzima na kuona vidole vyake vikichubuka baina kwa baina atanielewa bila kuelezwa.

Na tiba je? Hapa yafaa tukae kidogo, maana watu hudhani ni kupaka mafuta tu. Utampakaje mafuta aishiye majini? Yataoshwa kabla hujafunga kikopo. Kwa hiyo mganga kwanza hukwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini, kisha huiotesha kuvu katika kisahani ili aijue ni aina gani. Kuotesha huko kwaweza kuchukua majuma. Halafu hutia vidonge ndani ya tumbo la samaki, na mgonjwa hummeza samaki pamoja na dawa. Dawa hizo, kama itrakonazoli na ketokonazoli, ndizo hizo wanazopewa watu, nazo ni kali. Zaweza kuumiza ini. Ketokonazoli hudhoofisha pia tezi zilizo juu ya figo, hata imebidi pomboo apewe dawa ya pili ili kufidia kile ambacho dawa ya kwanza imekipunguza. Ndiyo sababu damu yake hupimwa mara kwa mara. Hutolewa mkiani, na pomboo hufundishwa kwa upole, siku kwa siku, kugeuka chali na kumtolea mganga mkia wake kwa hiari. Kazi hii huendelea miezi, si siku. Mahali pengine mganga hulazimika kukata nyama iliyoharibika.

Ugonjwa mmoja wa namna hii una historia yake. Mwaka 1931, mjini Recife katika Brazili, daktari Jorge Lobo aliandika habari za mtu aliyeota mavimbe ya ngozi kwa sababu ya kuvu isiyojulikana bado. Miaka 40 baadaye, mwaka 1971, ugonjwa wa kufanana na huo ulitangazwa kuonekana kwa pomboo wa Florida. Mwaka 1977 ikatolewa taarifa ya pomboo mmoja katika bwawa la Harderwijk, nchini Uholanzi, aliyetibiwa ugonjwa huo akapona. Baadaye ikaandikwa, mwaka 1983, habari ya mhudumu wa wanyama wa bahari huko Ulaya aliyepata ugonjwa mkononi, ikadhaniwa ameupata kwa pomboo aliyekuwa akimhudumia. Siku hizi wataalamu wameichunguza mbegu ya kuvu hizo na kuona kwamba ile ya pomboo na ile ya watu ni mbili, ingawa ni za ukoo mmoja. Lakini kumbukeni mkono ule wa mhudumu. Tutaurudia.

Turudi sasa kwenye swali letu. Wako wasemao: Tazameni jinsi wenye mabwawa walivyo na huruma! Pomboo wa baharini akiugua, nani atamletea kidonge? Huyu wa bwawani ana mganga, ana samaki kila siku, hana papa wa kumwinda. Ana bahati.

Neno hili lina sehemu ya ukweli. Hata pomboo walio huru huugua. Ule ugonjwa wa Lobo huonekana sana katika rasi ya Indian River huko Florida, wala pomboo wale hawakufungwa na mtu. Lakini angalieni vizuri: hapo wagonjwa wamezidi upande wa kusini wa rasi, ambako maji matamu kutoka bara humiminwa kwa mifereji iliyochimbwa na watu, na chumvi hupungua. Hata pale, mkono wa binadamu washukiwa. Tena anayeugua baharini aweza kuhama. Wa bwawani hukaa ndani ya sababu ya ugonjwa wake mchana na usiku, na yule anayemletea kidonge asubuhi ndiye aliyejaza bwawa jana jioni.

Mimi naona jibu liko katika sheria ya kale sana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chasema habari za watu wawili waliogombana, mmoja akampiga mwenzake hata akalala kitandani. Aliyepiga hulazimishwa kumlipa mwenzake siku alizopoteza na kumgharimia mpaka apone kabisa. Hakuna anayemsifu kwa kumgharimia. Hakuna anayesema, Tazameni mtu huyu alivyo mkarimu. Amelipa, basi. Sura hiyo hiyo yasema pia habari ya mtu achimbaye shimo asilifunike, na ng'ombe akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Nadhani hakuna mji duniani unaopaswa kuijua sheria hiyo ya shimo kama mji wetu.

Mwanafalsafa atatupinga hapa. Atasema: Deni ni kati ya mtu na mtu. Katika sura ile alipwaye ni mwenye ng'ombe, wala si ng'ombe. Mnyama hana akili, hawezi kudai, basi mtu hawezi kuwiwa na mnyama. Mtakatifu Tomaso wa Akwino mwenyewe alifundisha kwamba hatuwezi kuwa na urafiki wa mapendo ya kikristo na kiumbe kisicho na akili, ingawa aliongeza kwamba ukatili kwa wanyama humzoeza mtu ukatili kwa wenzake. Pingamizi hili si la kudharauliwa. Lakini fikirini mtu aliyeazimwa baiskeli akaivunja. Baiskeli haina haki yoyote, lakini mwenye baiskeli anayo, na deni liko. Pomboo ana Mwenyewe. Na pomboo amezidi baiskeli kwa jambo moja lisilo dogo: yeye huumwa. Kwa hiyo sioni haya kuliita deni, hata kama mwenye kudai si pomboo bali ni Yule aliyemwumba.

Liko pingamizi jingine, na hili litatoka kinywani mwa mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, akaambiwa asubuhi kwamba dawa hakuna. Atasema: Majuma ya vidonge kwa samaki mkubwa! Kupima damu ya mnyama kila mara! Na mwanangu je? Katekisimu iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992 imesikia neno la mama huyu. Katika namba 2418 yafundisha kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu, na papo hapo yafundisha kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Maneno yote mawili yako pamoja katika namba moja, wala haturuhusiwi kusoma nusu tu.

Basi tumjibu mama huyu kwa uangalifu. Fedha za vidonge vya pomboo hazikutoka katika sanduku la maskini. Zilitoka katika kiingilio, na kiingilio kilipatikana kwa mgongo wa pomboo. Mtu hawezi kuchukua mshahara wa mtumishi wake, akaupeleka kwa maskini, akauita sadaka. Amlipe kwanza mtumishi, kisha atoe kilicho chake. Lakini mama ana haki ya kuuliza jambo moja zaidi, nami nalikubali kabisa: kwa nini deni hilo lilifanywa tangu mwanzo? Neno la Katekisimu huuma zaidi siku ya kujenga bwawa na kununua mnyama, kuliko siku ya kununua kidonge. Asiyeweza kulipa gharama ya kumfuga kiumbe katika afya, maisha yake yote, asimfunge. Pomboo aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Anayemfunga kwa ajili ya kiingilio cha leo amejiandikia hesabu ndefu, na mara nyingi watakaokuja kuilipa ni wengine.

Pia deni halilipwi kwa kidonge peke yake. Mganga mwema wa wanyama wa bahari, akiitwa kutazama ngozi, hutazama maji kwanza. Klori ipunguzwe. Chumvi iongezwe. Chujio litengenezwe, kivuli kiwekwe, sili wapewe mwamba mkavu. Bila hayo, kuvu hurudi, na mnyama hupewa dawa tena na ini lake huchoka. Kumtibu mgonjwa na kuacha maji yalivyo ni kama kulipa riba tu na kuliacha deni lenyewe vilevile.

Hapa ndipo sababu yangu ya kuyasema haya Kolwezi. Sizungumzi juu ya kampuni hii au ile, na msomaji asitafute jina. Lakini twazijua sherehe za kufungua zahanati karibu na mgodi: viti vya wakubwa, utepe, hotuba, makofi, na maandishi makubwa ukutani yanayosema imetolewa kama zawadi. Huenda kweli ni zawadi. Yafaa tuulize kwanza swali la pomboo: Kikohozi kinachotibiwa humo kimetoka wapi? Upele wa mtoto aliyeoga katika kijito umetoka wapi? Ikiwa vumbi na maji machafu vimetoka kwa yule yule aletaye dawa, basi makofi yapunguzwe, na hesabu iandikwe katika daftari la madeni. Mtu si pomboo. Ana thamani isiyopimika kupita wanyama wote wa baharini. Hiyo ndiyo nguvu ya neno langu. Kama mwenye bwawa ana deni kwa ngozi ya mnyama, mwenye mgodi ana deni gani kwa ngozi ya mtoto?

Lakini sitaki mtu afikiri kwamba kila dawa apewayo mfungwa ni deni. Sadaka ya kweli ipo. Mjini Lubumbashi, tangu mwaka 2006, iko nyumba iitwayo J.A.C.K., iliyoanzishwa na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya sokwe wachanga walionyang'anywa wafanya biashara. Mtoto wa sokwe huwa haji sokoni peke yake. Kwa kawaida mama yake ameuawa ili achukuliwe. Watu wa nyumba ile hawakuua mama yeyote wala hawakumfunga mtu kamba kiunoni. Wanalipa deni la wengine, na kulipa deni la mwingine kwa hiari ndiyo sadaka yenyewe. Mwezi wa Septemba 2022 wezi waliingia wakaiba sokwe wachanga watatu, kisha wakadai fedha ili wawarudishe. Ni jambo la kushangaza: mwenye deni kumdai mlipaji!

Na sisi wenyewe, tuangalie ile ngedere iliyofungwa kwa kamba mlangoni, watoto wakiitupia maganda ya karanga. Choa chake na choa cha watoto huenda na kurudi. Aliyeifunga atasema hana fedha za mganga. Sawa, lakini kamba alikuwa nayo.

Imebaki habari ya mganga, na hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mganga wa bwawa si mwenye bwawa. Ameajiriwa. Anajua kwamba pomboo akipona ngozi, kesho atarudishwa kwenye michezo. Je, kwa kumponya anausaidia ubaya? Daktari wa mgodini ana swali lile lile: akimponya mchimbaji kifua, anamrudisha katika vumbi. Wengine husema, bora ajiuzulu. Mimi sikubali upesi hivyo. Mgonjwa aliye mbele yake anaumwa leo, na kumwacha ili kumwaibisha tajiri ni kumtumia mgonjwa kama fimbo. Amtibu. Lakini asitibu kwa kunyamaza. Aandike katika karatasi ya mgonjwa, kila mara, sababu ya ugonjwa: maji haya, klori kiasi hiki, siku hii. Ampe mwenye bwawa nakala. Akiambiwa aandike ugonjwa tu, asiandike chanzo, hapo amefika kwenye mpaka. Anayetia sahihi karatasi ya namna hiyo ameacha kuwa mganga akawa mpaka rangi wa kuta. Na yule mhudumu mwenye mkono mgonjwa ni shahidi wake. Yeye huingia majini kila siku kwa mshahara mdogo, akamshika mnyama, akampenda pengine kuliko mwenye mali ampendavyo. Wa kwanza kuugua pamoja na mfungwa ni yule anayemlisha. Naye pia ameandikwa katika daftari lile.

Katika Ufaransa sheria ya mwaka 2021 iliamuru michezo ya pomboo na nyangumi ikome katika muda wa miaka 5. Bustani kubwa ya Marineland, iliyoko Antibes kando ya bahari ya kati, ilifunga milango yake mwezi wa Januari 2025. Wauza tikiti walikwenda zao. Nyangumi wauaji wawili, mama na mwanawe, pamoja na pomboo kadhaa, walibaki ndani huku wakubwa wakibishana wapelekwe nchi gani. Kiingilio kilikuwa kimekoma, lakini kila asubuhi ilipasa mtu anunue samaki, awashe chujio la maji, na ainame ukingoni kuitazama ngozi yao.